Mdeni Sokoni: Wagiriki na Fumbo la Bahati

Mtu anakwenda sokoni na shughuli zake. Labda anataka kuonana na rafiki, labda anamkwepa mtu, labda kuna onyesho analotaka kulitazama. Anapokata kona, uso kwa uso na mdeni wake. Na siku hiyo mdeni hana pa kujificha: yuko pale anapokea michango, fedha zi mkononi. Anadaiwa hapo hapo, analipa hapo hapo. Mdai angejua tangu asubuhi kwamba jamaa yuko sokoni na pesa, angekwenda kwa ajili hiyo. Hakujua. Alifuata lake jingine, akarudi na deni lake.

Kisa hiki ni cha Aristotle, nami nimekinakshi kidogo tu. Kimo katika kitabu cha pili cha Fizikia yake, kazi ya karne ya 4 KK. Hakina ajabu yoyote. Kila mtu ana cha kwake cha aina hiyo. Lakini ndani yake mna swali lililowasumbua Wagiriki kwa muda mrefu, na ambalo wanahisabati na wanasayansi wa baadaye wamelirithi kila mmoja kwa namna yake. Ukisema deni limelipwa “kwa bahati”, umetaja sababu ya kulipwa kwake, au umekiri tu kwamba sababu huijui?

Waliojibu mapema walijibu kwa ukali. Leucippus na Democritus, waasisi wa nadharia ya atomu katika karne ya 5 KK, walishikilia kwamba ulimwengu ni atomu zinazokwenda, kugongana na kunasana katika utupu, basi. Sentensi ya Leucippus iliyotufikia inasema hakuna jambo litokealo ovyo, bali kila jambo hutokea kwa sababu na kwa lazima. Mtu akichimba shimo la kupanda mzeituni akakuta hazina, sababu ni kule kuchimba. Mwenye upara akipasuliwa kichwa na kobe aliyeporomoka kutoka angani, sababu ni tai aliyemwachia kobe ili gamba lake livunjike. Mifano hii miwili imehifadhiwa na Simplicius, mfafanuzi wa Aristotle wa karne ya 6 BK, na huo wa pili unafanana na hadithi ya kale kuhusu kifo cha Aeschylus, mtunzi wa tamthilia.

Democritus alisema pia kwamba watu walijichongea sanamu ya bahati iwe kisingizio cha kukosa kwao shauri. Alikuwa akisema kwa mafumbo, lakini zaidi ya nusu karne baada yake sanamu zenyewe zilichongwa kwelikweli. Mji wa Antiokia ulikuwa na mungu wa kike wa bahati, Tukhe, aliyechongwa na Eutychides mnamo mwaka 300 KK: ameketi, kavaa taji lenye umbo la kuta za mji, na mto Orontes unaogelea miguuni pake.

Aristotle hakuridhika na Democritus, na malalamiko yake yana utani wa kichinichini. Watu hawa, anasema, wanakubali kwamba kwenye mbegu fulani huota mzeituni na kwenye nyingine huzaliwa mtu, wala si ovyo. Halafu mbingu, ambamo kila kitu huenda kwa mpango usiobadilika, wanasema zilijitokeza zenyewe! Palipo na utaratibu mkubwa kuliko kote ndipo walipoitia bahati, na huku chini tunapoiona kila siku wanaikana.

Jibu lake mwenyewe linaanza na mjenzi. Nyumba hii imejengwa na nani? Na fundi ujenzi. Tuseme fundi huyo pia ni mwanamuziki. Basi ni kweli kusema “mwanamuziki kaijenga nyumba”, lakini muziki haukupanga hata tofali moja. Ufundi ndio sababu yenyewe. Umwanamuziki ni sababu ya kando, iliyomwandama tu fundi. Sababu yenyewe ni moja na unaweza kuitaja. Za kando hazina idadi, kwa kuwa fundi huyo huyo anaweza kuwa mweupe, mrefu, mjomba wa fulani, shabiki wa fulani.

Sasa turudi sokoni. Kule kwenda kulikuwa na sababu yake halisi, yaani kutazama onyesho. Kwa upande wa deni, kwenda huko huko ni sababu ya kando. Bahati basi ni sababu, lakini ya kando, tena katika mambo ambayo mtu angeweza kuyakusudia. Aristotle anaongeza masharti. Jambo liwe la nadra, si la kila siku wala la mara nyingi: kama mdai huenda sokoni kila siku kukusanya madeni, hakuna wa kumwambia ana bahati. Tena tokeo liwe la aina ambayo ingefaa kuwa lengo. Sharti hili ndilo linalosahaulika, na nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu akioga, na jua likapatwa wakati ule ule, hayo ni mambo mawili yaliyokwenda pamoja, basi. Ingekuwa kichekesho aseme “nimeoga bure” kwa sababu jua halikupatwa, kwani kuoga hakukuwa kwa ajili ya kupatwa kwa jua.

Ndiyo maana jiwe halina bahati. Wala mnyama hana, wala mtoto mchanga, kwa kuwa bahati kwa maana hii ni ya mwenye kuchagua. Aristotle anamtaja Protarchus aliyesema kwamba mawe ya madhabahu yana bahati, yanaheshimiwa ilhali mawenzao yanakanyagwa. Msemo mzuri, anasema, lakini ni wa mfano tu. Kwa mambo ya aina hiyo Wagiriki walikuwa na neno jingine, “automatoni”, kinachojiendea chenyewe. Farasi anatoka alipokuwa, na kwa kutoka huko anapona, bila kukusudia kupona. Kigoda cha miguu mitatu kinaanguka, kinatua wima, tayari kukaliwa. Hakuna aliyekusudia, ila mtazamaji anaona kana kwamba kuna aliyekusudia. Kila bahati imo ndani ya automatoni. Si kila automatoni ni bahati.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo. Vitabu vya Aristotle vilipotafsiriwa kwa Kiarabu, na Fizikia ikashughulikiwa na Ishaq ibn Hunayn katika karne ya 9, neno la Kigiriki tukhe liliandikwa “bakht”, neno lenye asili ya Kiajemi. Ibn Sina naye, katika Kitab al-Shifa, aliitengea bakht mjadala mrefu. Ni neno lile lile lililovuka bahari likatua kwetu kama “bahati”. Mtu akinena “bahati yangu” leo, anatamka istilahi iliyokwisha kukaa mezani pa wanafalsafa.

Na si hilo peke yake. Nasibu, kwa Kiarabu, ni fungu la mtu, kilicho haki yake. Ajali ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Kiswahili kikalichukua neno hilo la mpango uliokamilika kikaliita gari lililopinduka bila mtu kupanga. “Ajali haina kinga” inasikika sawasawa kwa maana zote mbili. Kura nayo, qur'a, ilikuwa kuchagua kwa bahati nasibu, lakini sasa tunapiga kura kwa kutumia akili zetu, au tunajaribu. Waathene wangelielewa neno letu kwa maana ya zamani. Baraza lao la watu 500, 50 kutoka kila moja ya makabila 10, lilipatikana kwa kura ya kweli. Waamuzi wa mahakama walipangwa kwa jiwe lenye safu za mianya ya kuchomekea vibao vya majina, na ubavuni lilikuwa na bomba la kudondosha vigololi vyeupe na vyeusi. Makamanda wa vita, hao waliwachagua kwa kuinua mikono; kwenye mikuki hawakutaka mzaha.

Watu waliotegemea kura kiasi hicho, na waliocheza kamari usiku na mchana kwa vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo, mbona hawakubuni hesabu ya uwezekano? Jiometri yao inatisha hadi leo. Husemwa kwamba vile vifupa havikuwa na pande zinazolingana, kwa hiyo havikualika hesabu. Huenda kuna ukweli hapo, ila dadu za pande sita pia walikuwa nazo. Mimi namshuku Aristotle mwenyewe, tena kwa sababu ya uhodari wake. Katika Metafizikia anasema wazi kwamba hakuna elimu ya mambo ya kando: elimu ni ya yale yanayotokea siku zote, au kwa kawaida. Bahati kaifafanua kuwa ni jambo la kando, la nadra. Basi kwa ufafanuzi wake imekwisha kutolewa nje ya nyumba ya elimu, na mlango umefungwa. Aliuliza bahati ni sababu ya aina gani, akapata jibu zuri. Swali la “ni kiasi gani” halikuwa na mahali pa kukaa.

Baada yake mjadala uligeukia majaaliwa. Chrysippus, kiongozi wa Wastoa, shule moja ya wanafalsafa wa Kigiriki, katika karne ya 3 KK, aliamini kwamba kila tukio limefungwa katika mnyororo mmoja wa sababu usiokatika. Kwa Wastoa, bahati ni jina la sababu isiyoonekana na akili ya binadamu. Iko, ila wewe huioni. Wapinzani wakamletea hoja ya mvivu: kama imepangwa nitapona, nitapona, nimwite tabibu nisimwite, kama imepangwa sitapona, tabibu wa nini? Hoja hii kila mmoja wetu amewahi kuisikia, pengine kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe. Jibu la Chrysippus lilikuwa kwamba mambo mengine yamepangwa kwa pamoja. Huwezi kusema Laius, mfalme wa hadithi za Kigiriki, amejaaliwa kumzaa Oedipus, alale na mwanamke asilale. Kupona na kumwita tabibu vimo katika mpango mmoja.

Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 270 KK, alichukua atomu za Democritus lakini hakuitaka ile lazima. Heri kufuata hadithi za miungu, aliandika, kuliko kuwa mtumwa wa majaaliwa ya wanafizikia. Miungu angalau unaweza kuiomba. Wafuasi wake wakafundisha kwamba atomu, katika kuanguka kwake, huchepuka. Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, anasema huchepuka kidogo mno, kiasi tu cha kuweza kuitwa mabadiliko ya mwendo, wakati usiojulikana na mahali pasipojulikana. Bila mchepuko huo atomu zingeanguka kama matone ya mvua, zisikutane kamwe, na sisi tusingekuwa na hiari. Cicero, msemaji na mwandishi wa Kirumi, alilicheka wazo hili, akaliita hadithi ya kitoto. Sikubaliani na kicheko chake, ila tatizo la kweli lipo: atomu ikichepuka kichwani mwangu bila sababu, kilichotokea ni kama mkono ulioshtuka. Uamuzi wangu uko wapi hapo?

Ukitazama vizuri, bahati tatu tofauti zimekwisha kuonekana, na mabishano mengi ya baadaye yanatokana na kuzichanganya. Ya Aristotle ni makutano: sababu zote zipo, ila hakuna aliyezikusudia zikutane. Ya Chrysippus ni kutojua kwetu. Ya Epicurus ni tukio ambalo kweli halina sababu. Mtu anaweza kuikana ya tatu na bado akaikubali ya kwanza bila kujipinga hata kidogo. Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, akisubiri kuuawa gerezani mnamo mwaka 524, alirudia kisa cha mkulima aliyechimba akapata dhahabu, akasema ndivyo hasa: sababu mbili, ya aliyefukia na ya aliyechimba, zikakutana mahali pamoja. Na kwa kuwa alikuwa Mkristo, akaongeza kwamba makutano yenyewe yamo katika mpango wa Mungu.

Mlango aliofunga Aristotle ulifunguliwa na wacheza kamari. Girolamo Cardano, tabibu wa Italia aliyependa dadu kupita kiasi, alikuwa ameandika kuhusu hesabu za mchezo huo, lakini kitabu chake kilichapishwa mwaka 1663, akiwa amekwisha kufa tangu 1576. Kabla hakijachapishwa, mwaka 1654, wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili. Wachezaji wawili wameweka sarafu za dhahabu ziitwazo pistole, 32 kila mmoja, wa kwanza kushinda mara tatu atwae zote 64. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja, kisha mchezo unakatizwa. Wagawane vipi?

Pascal anajibu hivi. Fikiria raundi inayofuata. Anayeongoza akishinda, anachukua 64. Akishindwa, wako sawa, kila mmoja 32. Kwa hiyo 32 ni zake vyovyote iwavyo. Zilizobaki 32 ndizo za kubahatisha, na nafasi ni nusu kwa nusu, basi apewe 16 zaidi. Jumla 48 kwake, 16 kwa mwenzake.

Hakuna anayejua raundi ile ingekwendaje. Hata hivyo kuna jibu moja sahihi, na linapatikana kwa kutoa na kugawanya. Aristotle hakukosea kusema kwamba tukio moja la bahati haliwekwi ndani ya elimu. Hakuona tu kwamba mengi kwa pamoja, au yote yawezayo kutokea, yanawekeka. Tangu hapo hesabu hiyo ikaenda kwenye bima, kwenye vifo, kwenye nyota.

Jambo la ajabu ni kwamba mabingwa wa hesabu hiyo hawakuiamini bahati. Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua nguvu zote na mahali pa kila kitu kwa dakika moja ingeuona wakati ujao kama inavyouona uliopita. Uwezekano ni kipimo cha kutojua kwetu. Chrysippus angempa mkono. Mfaransa mwingine, Antoine Augustin Cournot, akaeleza mwaka 1843 kwamba bahati ni makutano ya minyororo ya sababu isiyotegemeana, na hata akili inayojua kila kitu ingeyakuta makutano hayo. Hapo tumerudi sokoni.

Ya Epicurus ilingoja hadi karne ya 20. Chukua iodini-131, inayotumika hospitalini kutibu tezi ya shingo. Baada ya siku takriban 8, nusu ya atomu zake zitakuwa zimevunjika. Hilo ni uhakika unaotegemewa kupanga tiba. Lakini kwa nini atomu hii ivunjike leo na pacha wake wiki ijayo? Mwaka 1926 mwanafizikia Max Born alipendekeza kwamba fizikia mpya ya atomu, ile ya kwanta, hutoa uwezekano tu, na Albert Einstein akamwandikia Desemba ya mwaka huo kwamba haamini Mungu hucheza dadu. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba ubishi huu unaweza kupimwa, na majaribio yaliyofuata, yaliyowapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022, yaliifunga njia nyepesi kuliko zote, ya kudhani kila chembe imebeba maagizo yake ya siri mfukoni. Wengine husema Epicurus aliyaona haya mapema. Naona wanamkweza mno. Mchepuko wake hauna kanuni wala namba. Bahati ya Born ina namba zinazopimwa hadi desimali nyingi.

Lakini mahali ambapo mchanganyiko wa zile bahati tatu unaleta ugomvi mkubwa si kwenye fizikia. Ni kwenye biolojia. Mtu husikia kwamba mabadiliko ya vinasaba hutokea “kwa bahati”, akaelewa kwamba hayana sababu, akakasirika. Sababu yanazo: mionzi, kemikali, makosa ya kunakili. Maana yake ni kwamba sababu hizo haziangalii haja ya kiumbe. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walilithibitisha hili kwa bakteria na virusi vinavyowaua. Kama kukutana na virusi ndiko kunakowafanya bakteria wachache wawe sugu, basi vikundi vingi vilivyokuzwa kila kimoja peke yake vingetoa idadi zinazokaribiana. Kama usugu huzuka ovyo kabla, wakati wa kuzaliana, baadhi ya vikundi vingekuwa na ukoo mzima wa masugu kwa kuwa babu yao alibadilika mapema, na vingine patupu. Matokeo yakawa hayo ya pili: kwingine hakuna hata mmoja, kwingine zaidi ya mia. Luria alisimulia kwamba jaribio hilo lilimjia akilini akimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari kwenye dansi ya wahadhiri, inayokula sarafu muda mrefu kisha ikatapika rundo. Hiyo ni bahati kama ya mtu na mdeni wake: tokeo linafaa, lingefaa kuwa lengo, ila hakuna aliyelilenga.

Wazo hilo nalo lina mzizi huko huko Ugiriki. Katika Fizikia, sura chache tu baada ya kisa cha soko, mnaulizwa: kwa nini meno ya mbele yasiwe yameota makali na magego mapana kwa lazima tu, bila shabaha, na viumbe waliojikuta wameumbika vizuri ndio waliobaki, kama Empedocles, mwanafalsafa aliyemtangulia Aristotle, alivyosema juu ya ng'ombe wake wenye sura za watu, ambao walitoweka? Charles Darwin alikiweka kifungu hicho katika tanbihi ya matoleo ya baadaye ya kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Akaona ndani yake kivuli cha uteuzi wa asili, na akasikitika kwamba Aristotle hakuwa ameielewa sawasawa kanuni aliyoikaribia. Hakujua kwamba maneno yale hayakuwa ya Aristotle. Yalikuwa ya wapinzani wake, naye aliyaandika ili ayakatae aya inayofuata.